Nguzo Iliyotoka Jasho

Wenzangu wa kambi ya miwa, mmeniuliza kwa nini niliacha panga katikati ya mavuno nikapanda mlimani siku tano. Kila nikianza kusimulia mnanikatiza, huyu anauliza la mvua, yule anauliza kama mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo. Basi nimeandika kwenye daftari la binti yangu, msome taratibu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo tafuteni maana, msitafute mwandiko. Na majina nitayataja. Wa kwanza ni Fundi Yosia, ambaye ameshakufa. Wa pili ni Mzee Zefania, ambaye yupo. Hao ndio waliomuua kaka yangu Elifuraha, wakanivunja na mguu huu mnaouona ukiburuta kwenye mitaro yenu.

Jumatano jioni nilipokea barua. Aliyeandika ni Aikande, binti wa Elifuraha, aliyezaliwa miezi miwili baada ya baba yake kuzikwa. Barua yenyewe ninayo, naandika alivyoandika:

"Baba mdogo, shikamoo. Jumapili hii napata kipaimara. Mama anasema uje, halafu anasema hutakuja. Habari nyingine, siku ya kazi za kijiji watu wamefungua ule mfongo wa zamani. Maji yanapita nyuma ya kanisa, mama hashuki tena korongoni na ndoo. Tena kanisani nguzo ya tatu kushoto inatoka jasho. Bibi wengine wanaipangusa kwa vitambaa wanawapelekea wagonjwa. Sisi wa kipaimara tumepangiwa mabenchi hapo hapo."

Niliisoma mara mbili nimesimama. Mke wangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia bado.

Alhamisi alfajiri nilipanda trekta la miwa mpaka njia panda, na kutoka hapo nikafika Moshi jua linatoka. Mfukoni nilikuwa na kitu kimoja cha maana, timazi ya shaba ya marehemu kaka yangu, ile ambayo fundi huning'iniza kwenye uzi ili ajue ukuta umenyooka au umelala. Mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeukalia kuanzia mabegani mpaka chini, jeusi, na mimi nilijua maana yake. Mvua ikipiga msituni leo, kesho mfongo unajaa.

Stendi ya Moshi basi la kwenda Mkuu lilikuwepo, dizeli haikuwepo. Vita ya Amin ilikuwa imekwisha lakini vitu havikurudi nayo. Tulikaa ndani ya basi mpaka saa nane mchana. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Tarakea, mwenye furushi la vitenge ambalo alilikalia ili lisionekane. Akaniona natazama dirishani kila dakika.

"Baba, hilo wingu unalidai?"

"Nalitazama tu."

"Litazame vizuri basi. Mwanaume wa pili huyu namwona anataka kuzuia mvua kwa macho. Wa kwanza alikuwa mume wangu, na alilowa."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa napiga hesabu ya Jumapili: Alhamisi imekwisha, imebaki Ijumaa na Jumamosi.

Himo tulifika giza linaanza, dereva akasema hapandi tena mpaka asubuhi. Nililala kwenye kibaraza cha mwenye hoteli ya chai. Niwaambieni sasa jambo la kanisa lenyewe, ili mjue nilichokuwa naogopa.

Kanisa letu lilijengwa miaka michache baada ya Uhuru, na lilijengwa kwa kuiga picha. Mzungu wa ujenzi, tuliyemwita Bwana Timazi kwa sababu hakuachana na uzi wake hata akienda kula, alikuwa na picha ya kanisa kuu la mji wa kwao. Kanisa hilo ni la zamani za kutisha, la enzi za wafalme wenye panga, mamia ya miaka kabla Mzungu yeyote hajauona mlima wetu. Wakati wa mapumziko alikuwa akitukalisha kwenye mawe na kutueleza. Mtu alichimba msingi wake akafa, mwanawe akapandisha nguzo akafa, mjukuu ndiye aliyefika juu, na yeye pia hakuona paa. Nguzo zilisimama mistari miwili, nene kama mvule, na juu yake matao yenye ncha, yanakutana kama majani ya migomba ya pande mbili yanavyokutana juu ya njia ya kihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani. Hawakuwa na saruji wala nondo. Jiwe linasukuma jiwe, tao linaisukuma nguzo, nguzo inasukuma ardhi. Na kwa sababu matao yale mazito yanataka kuzisukuma kuta nje, waliziwekea miguu ya mawe kwa nje, imeegemea kama mtu anayezuia mlango kwa bega.

Kaka yangu Elifuraha aliuliza, "Na mbona mnara mmoja mfupi?"

Bwana Timazi akafurahi, maana hakuna mwingine aliyeona. "Ardhi upande huo ilikuwa laini," akasema. "Mnara ukaanza kulala. Waashi wakaacha hapo hapo. Mpaka leo ni mfupi. Elifuraha, hao walikuwa mafundi wakubwa, kwa sababu waliacha."

Siku hiyo ndiyo alimpa timazi yake ya pili, hii niliyolala nayo Himo.

Ijumaa saa mbili asubuhi tuliondoka Himo. Barabara inapanda inazunguka, migomba inaanza, kahawa inaanza, hewa inakuwa baridi, watu wanaanza kusalimiana Kichaga dirishani. Kwenye kila daraja nilitazama maji. Yalikuwa mekundu na yana haraka. Nilishuka kwenye njia ya kwetu saa tano, nikapanda kwa miguu, na mguu huu mlima unaujua, ulianza kuniuma kwenye kona ya kwanza.

Saa sita hivi nilikuwa mbele ya kanisa. Sikuwahi kurudi tangu nilipobebwa kutoka pale nimelazwa kwenye mlango wa mbao kama machela. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Mawe ya kijivu ya mtoni, nguzo sita, matao yenye ncha, paa ni bati tu. Miguu ya nje halina. Fundi Yosia, aliyekuwa msimamizi wa waashi, alisema bati ni jepesi, miguu ya nini. Nyuma yake nikasikia mfongo unavuma.

Niwaeleze mfongo, nyie wa Singida na Kigoma. Ni mfereji ambao babu zetu waliuchimba kutoka msituni, unapita kwenye vihamba vya watu kwa zamu. Una ukoo wake na una mkuu wake. Na mfongo kwetu hauuawi. Ukitaka kujenga mahali unapopita, unaulaza: unayageuza maji kwa juu, njia yake unaifunika kidogo tu, ili siku moja wajukuu wakiutaka wauamshe. Kuziba njia yake kwa mawe ni kama kumfunga mdomo babu yako kaburini.

Sasa nguzo ya tatu kushoto ilipangwa kusimama juu ya njia ya mfongo. Bwana Timazi alisema wachimbe mpaka mwamba, wajaze mawe. Mzee Zefania alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa mkuu wa mfongo, vyote viwili mtu mmoja. Kanisa alilitaka pale pale, na mfongo hakutaka uuawe. Bwana Timazi aliposafiri wiki moja kufuata bati, Zefania na Fundi Yosia wakaelewana. Njia ikajazwa magogo ya migomba na udongo, ikashindiliwa, ikapangwa mawe ya juu juu. Mzungu alirudi akakuta msingi umefika usawa wa ardhi, umenyooka, akashukuru.

Tao la nguzo ile lilikuja chini siku ya kuweka jiwe la juu, lile la katikati linalofunga pande mbili. Elifuraha alikuwa chini yake, na mimi kando yake nikavunjika mguu. Fundi Yosia akaapa mbele ya watu kwamba Elifuraha alitoa mbao za kushikilia tao kabla chokaa haijakauka, kwa haraka yake. Mzungu akaamini, watu wakaamini. Nguzo ikajengwa tena pale pale, kwa sababu kosa lilikuwa la maiti.

Niliingia kanisani. Nguzo ilikuwa imelowa kutoka chini mpaka urefu wa kifua, maji ya mfongo yamepenya kupitia njia yake ya zamani. Chini yake kulikuwa na mabenchi manne mapya, na msichana mrefu alikuwa anayafuta kwa kitambaa. Kichwa cha Elifuraha kabisa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Aikande, ondoka hapo."

"Wewe ndiye baba mdogo?"

"Ondoka kwanza, tutasalimiana nje."

Nje wanawake walikuwa wanateka maji kwenye mfongo, na Mzee Zefania alikuwa amekaa kwenye kigoda anasimamia zamu, fimbo mapajani. Amezeeka, macho yana ukungu. Mchungaji kijana, mgeni wa mwaka ule, alikuwa anaongea naye. Nikasalimia.

"Marahaba. Sauti ya nani hiyo?" akauliza Zefania.

"Eliakimu. Mdogo wake Elifuraha."

"Umekuja kula kipaimara," akasema.

"Nimekuja kuomba maji yafungwe kabla ya Jumapili, Meku," nikasema, nikimwita kwa heshima ya wazee wa kwetu. "Na ibada isifanyike ndani."

Mama mmoja akatua ndoo. "Kumbe. Miaka yote tunashuka korongoni na ndoo kichwani, leo tumepata maji, huyu anatoka kwenye miwa anataka yafungwe."

"Huko kwao wanamwagilia kwa mashine," akasema mwingine. "Anaona wivu na mtaro wetu."

"Nguzo imelowa," nikasema. "Itazama. Ilizama mara ya kwanza na itazama tena."

Zefania akagonga fimbo chini. "Mara ya kwanza haikuzama. Mara ya kwanza kaka yako alitoa mbao. Kila mtu hapa anajua. Usije na aibu yenu ya zamani kuharibu sikukuu ya watoto."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo tangu Himo. Nilikuwa nimepanga nimwite muuaji mbele ya watu. Lakini mchungaji akaniuliza swali dogo, kwa upole, "Unajuaje kilichoko chini, mzee wangu?"

Nikaona Eliaichi, mjane wa kaka yangu, amesimama nyuma ya wale wanawake, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shavuni na hayafuti.

"Kuna magogo ya migomba," nikasema. "Siku tao lilipoanguka mbao zilikuwa bado zimesimama mahali pake. Nguzo ilishuka kwanza, mbao zikafuata."

"Nani aliyaweka magogo?"

"Zefania aliamuru. Yosia alikubali."

"Nimeuliza nani aliyaweka."

Sikuwa nimepanga jibu hilo. Miaka kumi na mitano nimewasimulia watu habari hii, na nyie pia, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Mimi," nikasema. "Niliyabeba siku mbili. Elifuraha alikuwa amekwenda na Mzungu kufuata bati. Nikaambiwa nikimwambia sitapata kazi kwenye paa. Sikumwambia."

Eliaichi akageuka na ndoo yake akaenda. Nikatoa timazi mfukoni, nikamwomba mchungaji tuingie tuipime nguzo.

Mchungaji alivua viatu, akapanda ngazi ya kusafishia taa akiwa na soksi, akaushika uzi wa timazi kwenye kichwa cha nguzo. Mimi chini nikaisubiri itulie. Jiwe la juu uzi uligusa. Chini uliachana na nguzo kwa vidole vinne. Mchungaji akashuka akapima kwa vidole vyake mwenyewe, akapima tena.

"Labda ilijengwa hivyo," akasema.

"Chimbeni," nikasema.

Jumamosi asubuhi wanaume wanane walichimba kando ya nguzo, kwa tahadhari, mmoja mmoja, wengine wamesimama mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha msituni na mfongo ulikuwa unavuma zaidi ya jana. Kila sururu ikishuka nilisikia kwenye meno. Futi nne chini udongo ukawa mweusi, ukanuka kama mbege iliyoharibika. Mchimbaji akasema, "Hapa hakuna kitu." Akalala kifudifudi akaingiza mkono chini ya nguzo. Mkono ukaingia mpaka begani. Akautoa umeshika nyuzi za mgomba, zimeoza, zinadondosha maji.

Akampelekea Zefania kwenye kiganja. Yule mzee macho hayaoni vizuri, akazipapasa, akazinusa. Nilisubiri aseme ni uongo.

"Babu yangu alichimba mfongo ule kwa chuma cha kuazima," akasema. "Nilitaka vyote viwili vikae." Kisha akaomba jembe. Watu wakamwambia vijana waende, akakataa, maana mkuu wa mfongo ndiye anayefunga maji. Akapanda taratibu mpaka kwenye mgawanyiko wa maji huku ameshika bega la mjukuu wake, na baada ya nusu saa mlio wa maji nyuma ya kanisa ukafifia, ukawa matone. Wale kina mama walitazama mtaro ukikauka. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alichukua ndoo zake mbili akaanza kushuka korongoni.

Mchungaji alinichukua ofisini kwake pembeni ya madhabahu. Ile picha ya kanisa kuu ipo bado ukutani, imeliwa na mende pembeni. Akaniuliza ile miguu ya nje ni ya nini, nikamweleza. Akaniuliza kama mnara mfupi ni kosa la mchoraji, nikamweleza na hilo. Akasema nguzo itabomolewa, itachimbiwa mpaka mwamba, na mfongo utapewa njia ya kuzunguka, wenye ukoo wamekubali. Kwa sasa wataegemeza magogo ya mbao ngumu. Nikamwuliza kuhusu jina la Elifuraha. Pale ukutani kuna jiwe lenye majina ya waliojenga, na la Yosia liko juu kabisa, la Elifuraha halipo. Akasema litachongwa.

Jumapili ibada ilifanyika uwanjani. Watoto walikaa kwenye yale mabenchi manne, yametolewa nje, mashati meupe, magauni meupe. Mchungaji alikuwa ameanza kuwawekea mikono, Aikande akiwa wa sita kwenye mstari, mvua ikapiga. Mvua ya kwetu haitishi kwanza, inakuja yote. Watu wakasimama, wakatazama kanisa, kavu, milango wazi, hakuna kilichoanguka. Nikasikia mtu anasema, "Nguzo yenyewe imesimama miaka yote, itashindwa saa moja?" Na wengine wakaanza kusogea, mama na watoto mgongoni. Mimi na mguu huu nisingewahi kufika mlangoni.

Zefania alikuwa ameshafika. Alisimama katikati ya mlango, fimbo amekingamisha kutoka mwimo huu mpaka ule, mvua inampiga usoni, kofia imeanguka. "Haingii mtu," akasema. Si kwa sauti kubwa. Shemasi mmoja akasema, "Mzee, watoto wanalowa." Akajibu, "Watakauka." Akabaki hivyo mpaka wa mwisho alipowekewa mkono. Aikande alipiga magoti kwenye tope na gauni lake jeupe, akanyanyuka mwekundu mpaka kiunoni, anacheka.

Jumapili saa kumi nilikwenda kwa Eliaichi. Nilikuwa nimekata isale kwenye mpaka wa kihamba, lile jani refu la kijani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa. Kwetu mtu akija na isale kuomba msamaha hukatai, hata kama amekuchomea nyumba. Alikuwa anakamua maziwa, hakunyanyuka.

"Shemeji, nimekuja na isale."

"Naliona." Akaendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha, akafunika kibuyu. "Aikande alipokuwa mdogo akivunja kitu, watoto wenzake walimwambia, ana haraka kama baba yake. Na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Mimi mwenyewe. Ulijua tunasema hivyo?"

"Nilijua."

"Isale siwezi kulikataa, na unajua siwezi, ndiyo maana umelileta." Akalipokea, akaliweka juu ya paa la zizi. "Nimelipokea. Hilo ni la mila. La kwangu mimi, bado."

Akainua kibuyu cha maziwa.

"Unajua kuandika kidogo," akasema. "Kila mtu anayepita huko kwenye miwa anarudi na habari zako za Yosia na Zefania. Waandikie watu wako. Uanze na jina lako."

Jumatatu niliteremka. Alinifungia ndizi za kupika, mkungu mdogo, akampa Aikande anisindikize mpaka barabarani. Timazi nilimwachia yule mtoto. Akaizungusha kwenye uzi wake njia nzima, nikamwambia hiyo haichezewi, inatakiwa itulie yenyewe, ndipo inasema. Akasema, "Ndiyo, baba mdogo," akaendelea kuizungusha.

Nilichojifunza ni hiki. Wale waashi wa zamani wa kanisa la kwenye picha waliona mnara unalala wakaacha, na kila anayepita pale mpaka leo anaona walipokosea, mnara mfupi, hadharani, juu angani. Sisi kosa letu tulilijengea juu likapendeza.

Shemeji alitaka nianze na jina langu. Rudini mwanzo mtaona sikuweza, mkono ulikwenda wenyewe kwa Yosia kama ulivyozoea. Ukurasa siuchani, daftari ni la mtoto. Naliandika hapa: Eliakimu, niliyebeba magogo.